Pedi za diski ya mbele: ya ndani imebaki bati, ya nje bado ina nyama. Nibadili pedi, duka au fundi?

#1 Mtoto wa Kihonda
Wakuu salaam. Nina pikipiki ya Kichina cc 150, diski mbele, dramu nyuma. Alfajiri nasambaza mikate, jioni napakia abiria Msamvu, Morogoro. Nilisikia mkwaruzo nikikamata breki ya mbele, nikafungua. Pedi ya ndani, ile ya upande wa tairi, imekwisha kabisa, bati linakwangua diski. Ya nje bado ina nyama, ile sehemu inayosugua diski, karibu nusu. Zilitoka boksi moja na zilifungwa siku moja.

Fundi anasema hizo ni feki, ninunue za chuma, na bei yake ni mara tatu. Muuza duka anasema za chuma zitaila diski, nichukue laini kama zile zile. Jirani mwenye Boxer anacheka tu.

Nani mkweli hapo? Na kwa nini moja iishe na nyingine ibaki?

#2 Nyundo Kubwa
Pini za kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, zimekauka. Fungua, safisha, paka grisi, rudi barabarani. Hili swali limejibiwa humu mara nyingi.

#3 Spana Kumi na Nne
Naunga mkono #2, naongezea kwa wasiofahamu. Kalipa nyingi za pikipiki ndogo zina pistoni upande mmoja tu. Ukikamata breki, pistoni inasukuma pedi yake hadi igote kwenye diski, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini na kuivuta pedi ya upande wa pili. Pini zikishika kutu kalipa haitelezi. Pedi ya upande wa pistoni inabeba mzigo peke yake na ndiyo inayotangulia kuisha. Kwa hiyo yako ya ndani imekufa kwa kazi za wawili.

Grisi iwe ya silikoni, ile isiyodhuru mpira. Ile nyekundu ya beringi hapana, inavimbisha vifuniko vya pini, na ukija kufungua tena unavuta na meno.

#4 Dada wa Spea
Habari zenu. Nauza spea na sitangazi duka, kwa hiyo msinitumie ujumbe wa faragha kuomba bei.

Mteja anaingia na swali la kwanza: "pedi za bei gani?" Pikipiki gani, mwaka gani, kalipa ya aina gani, hayo mimi ndiye ninayemuuliza. Hizi za Kichina, jina la ubavuni linaweza kuwa moja na kalipa zikawa mbili tofauti, kwa sababu mzigo huu kiwanda kilifunga kalipa hii na mzigo uliofuata kikafunga ile. Njoo na pedi ya zamani mkononi, hata kama imebaki bati. Nalinganisha sikio, tundu la pini, urefu na unene wa bati. Pedi ikicheza kwenye nafasi yake itagonga na kuisha upande. Ikibana haitarudi, itakuwa inasugua hata ukiwa umeachia breki.

Fundi na muuzaji wako wanaweza wote wawili kuwa wakweli. Wote wawili pia wanaweza kuwa wanauza walichonacho.

#5 Mzee wa Sumaku
Njia rahisi ya kujua feki: chukua sumaku. Ikinata, pedi ni ya chuma, nunua. Isiponata, rudisha.

#6 Spana Kumi na Nne
Mzee wangu, sumaku itanata kwenye pedi yoyote duniani maana bati la nyuma ni chuma. Hata pedi iliyotengenezwa kwa ugali itanata.

#7 Mzee wa Sumaku
Unaiweka upande wa nyama, kijana, si upande wa bati.

#8 Mwalimu wa Zamu
Hata upande wa nyama haisaidii, mzee. Pedi za chuma zenyewe, zile za unga uliookwa, sehemu kubwa ni shaba, na shaba haivutwi na sumaku. Zile za mchanganyiko ndizo huwekwa nyuzi za chuma, sumaku inashika, na bado huenda zikawa mbovu.

Tuelewane majina kwanza maana kila mtu anasema "za chuma" akimaanisha kitu chake. Kuna aina tatu kwa ujumla:

Laini: nyuzi, unga wa kaboni, mpira na vitu vingine vilivyoshikamanishwa kwa gundi ya rezini. Zinashika mapema zikiwa za baridi, hazipigi kelele, diski inazipenda. Zikipata joto sana gundi inatoa gesi na ushikaji unapungua. Zinaisha haraka kwenye matope na mvua.

Mchanganyiko: gundi ile ile, ila zimeongezwa chuma. Ziko katikati kwa kila kitu, hata kwa bei.

Za kuokwa: hazina gundi. Unga wa shaba na metali nyingine unashindiliwa na kupikwa kwenye joto kali hadi chembe zishikane. Zinavumilia joto, zinashika kwenye maji, zinadumu. Ila zinapitisha joto kwenda kwenye pistoni na mafuta ya breki, na diski dhaifu zinaichimba.

Muulize fundi anamaanisha ipi, kwa sababu nyingi zinazouzwa hapa kwa jina la "za chuma" ni mchanganyiko tu.

#9 Kifua Wazi
Angalia nyuma ya pedi. Ikiandikwa HH hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Maana yake ngumu mara mbili.

#10 Mwalimu wa Zamu
@Kifua Wazi hapana, kaka. Herufi mbili ni kipimo cha Kimarekani cha SAE, na kinapima ushikaji, siyo ugumu wala maisha ya pedi. Ya kwanza ni ushikaji wa pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa na joto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55, H ni zaidi ya 0.55. Pedi ya GG inaweza kudumu kuliko ya HH. Na kipimo hufanyika kwa kipande kidogo kwenye mashine, si kwenye pikipiki yenye abiria wawili na gunia la mkaa.

#11 Dada wa Spea
Na anayeghushi boksi hashindwi kuchapa herufi mbili. Nimeshaona HH kwenye pedi unayoweza kuikwangua kwa ukucha.

#12 Boxer Sitoki
Nimesoma mpaka hapa nikacheka. Sisi wa dramu mbele na nyuma tunanunua shuu, zile pedi za ndani ya dramu, tunafunga, tunasahau. Hakuna kalipa, hakuna pini, hakuna mafuta ya kumwaga, hakuna Mwalimu wa Zamu. Zikilegea unakaza nati ya fimbo huku umekaa juu ya pikipiki. Bajaj si wajinga kuacha Boxer nyingi na dramu.

#13 Nyundo Kubwa
Na ukivuka mto maji yakaingia kwenye dramu unasimama wapi?

#14 Boxer Sitoki
Mbele ya mto sivuki, nasubiri ushuke.

#15 Mkulima wa Soni
Dramu? Njoo huku Lushoto. Natoa kabichi na pilipili hoho hadi Mombo chini, kilomita zaidi ya thelathini za kona na mteremko. Kipindi natumia ya dramu, nikifika Mombo shuu zinanuka na mkono wa breki unakuja hadi kwenye mpini bila majibu. Nikahamia diski. Pedi laini zilikuwa zinanipa raha mjini, ila nikifika nusu ya mteremko nakamata breki, mkono mgumu kabisa, pikipiki haipungui. Nikafunga za mchanganyiko zenye chuma kingi, ikawa afadhali. Diski imechimbika kidogo, sikatai. Diski inanunulika.

#16 Mwalimu wa Zamu
Mkulima amesema jambo la maana: *mkono mgumu, pikipiki haipungui*. Hapo pedi ndizo zilizochemka. Mkono ukiwa laini unaingia hadi mwisho, hapo ni mafuta ya breki yamechemka na kutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Ni magonjwa mawili, dawa mbili. La kwanza unabadili pedi, la pili unabadili mafuta.

Kwa wapenda hesabu: Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita elfu moja. Pikipiki, dereva na mzigo tuseme kilo 270. Nguvu yote hiyo lazima iende mahali, na ni zaidi ya megajuli mbili na nusu. Inatosha kuchemsha lita nane za maji ya bomba. Sehemu inachukuliwa na upepo, matairi na injini ukiwa kwenye gia ndogo. Ukishuka umeweka huru kuokoa petroli, karibu yote iliyobaki inaingia kwenye breki.

#17 Kifua Wazi
Lita nane! Basi Mkulima akifika Mombo awe anauza chai.

#18 Mkulima wa Soni
Kabichi tu zinanitosha. Ila mwalimu yuko sahihi, vijana wengi huku wanashuka huru na injini wamezima kabisa. Wakikukuta kwenye kona huwasikii.

#19 Mvuvi wa Nchi Kavu
Nipo Tanga, napakia samaki. Maji ya barafu yenye chumvi yanadondoka toka kwenye kreti, upepo unayarushia kwenye magurudumu. Pini za kalipa zangu hushika kutu kila mara, hata nikifunga pedi gani. Nimeshabadili pedi laini, nimeshabadili za bei mbaya, zote zinaisha upande mmoja. Kilichosaidia ni kumwagia kalipa maji baridi ya bomba kila jioni na kuhakikisha vifuniko vya mpira vya pini havijachanika. Kwa hiyo mimi niko upande wa #2, pini.

#20 Nduthi ya Nakuru
Wadau, hamjambo. Mmejenga ghorofa na hakuna aliyeangalia msingi. Mtoto wa Kihonda, pistoni ya kalipa yako iko upande gani? Ndani kwa tairi ama nje?

Nauliza kwa sababu Spana amesema pedi ya pistoni ndiyo huisha kwanza pini zikikwama, na hapo yuko sawa. Lakini amechukulia kwamba pistoni iko ndani. Hiyo ni gari. Kwa pikipiki nyingi zenye pistoni upande mmoja, pistoni hukaa nje, kwa vile ndani kuna spoku na nafasi ni ndogo. Ikiwa yako iko nje, basi iliyoisha ni ile *isiyo* na pistoni, na maelezo yote ya hapo juu yanageuka.

#21 Spana Kumi na Nne
Mh.

#22 Mtoto wa Kihonda
Asanteni sana wote. Nimetoka kuangalia sasa hivi na tochi ya simu. Pistoni mbili ndogo, zote upande wa nje. Ndani hakuna kitu, ni ukuta wa kalipa tu.

#23 Nyundo Kubwa
Bado ni pini. Kalipa imeteleza kuingia, ikagoma kurudi. Kwa hiyo pedi ya ndani inabaki imeegemea diski muda wote, inasugua ukiwa barabara nyeupe. Nilisema pini, sikusema upande.

#24 Spana Kumi na Nne
Hiyo inawezekana ila ni nadra. Diski yenyewe huwa inacheza kidogo na kuisukuma kalipa irudi. Ili ikatae kurudi kabisa na bado ikubali kuingia, hiyo pini ina akili. Mimi sasa naangalia kwingine: tairi la mbele lilitolewa lini? Kuna busha kwenye ekseli inayoweka tairi katikati. Mtu wa pancha akiisahau au akaigeuza, diski inasogea upande mmoja na kukaa karibu na ukuta wa ndani wa kalipa. Nimeliona hili zaidi ya mara moja.

#25 Mtoto wa Kihonda
Tairi lilitolewa kuziba pancha, ndiyo. Busha sijui ilivyokuwa mwanzo, sikuwepo.

#26 Fundi Mtaa wa Pili
Nimewasoma kimya, sasa niseme. Mnazunguka. Pedi mbili za boksi moja hazina lazima ziwe ni pacha. Nimefungua maboksi ya bei ya chini nikakuta moja nyeusi inang'aa, nyingine ya kijivu, nyama zake hazilingani hata kwa macho. Moja laini moja ngumu, unategemea ziishe pamoja? Kijana, ile ya nje iliyobaki, ikwangue na bisibisi. Halafu kwangua mabaki ya ile ya ndani. Zikitoa unga wa rangi tofauti umepata jibu.

#27 Dada wa Spea
Kwenye hili Fundi yuko sawa kwa zile zinazokuja kwa wingi kwenye mfuko mmoja mkubwa na kupangwa wawili wawili dukani. Zenye boksi lililofungwa kiwandani ni nadra. Kihonda, boksi lako lilikuwa na plastiki juu au lilifunguliwa?

#28 Mtoto wa Kihonda
Alinipa mkononi dada, boksi lilikuwa wazi tayari. Nimekwangua: unga wa zote mbili ni mweusi, macho yangu hayaoni tofauti.

#29 Kifua Wazi
Kwa hiyo si pedi, si pini, si busha. Ni majini ya Msamvu.

#30 Mzee wa Sumaku
Hapo kwenye majini usitanie.

#31 Mkereketwa
Mimi nauliza kitu kimoja tu, ni nani aliyeongeza mafuta ya breki na aliongeza nini? Kuna fundi alinijazia kikombe cha masta, ile pampu ya breki kwenye mpini, kwa mafuta ya hidroliki, akaniambia yote ni mafuta. Mpira wa sili ukavimba, pistoni ikawa inaenda hairudi. Kalipa nzima ikawa ya moto kiasi cha kukaangia. Mwishowe nilinunua sili za masta na za kalipa, nikabadili na mpira wa breki.

Juu ya kifuniko cha masta pameandikwa aina yake, DOT 3 au DOT 4. Usiweke kingine. DOT 5 pia hapana, hiyo ni ya silikoni na haichangamani na hizo.

#32 Mwalimu wa Zamu
Sahihi. Nyongeza: DOT 5.1 si ya silikoni, hiyo ni ndugu wa DOT 4, majina yanachanganya tu. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi joto 205, DOT 4 kuanzia 230. Zote mbili zinanyonya unyevu wa hewani, na zikishanyonya kipimo cha chini kinashuka hadi 140 na 155. Ndiyo maana chupa iliyokaa dukani wazi, ya kumiminia kidogo kidogo, usiinunue.

#33 Nyundo Kubwa
Mkereketwa, sili zikivimba pistoni ndiyo isiyorudi, na pistoni zake ziko nje. Iliyoisha ni ya ndani. Rudi darasani.

#34 Mkereketwa
Pistoni ikibana diski isirudi, inabana pande zote mbili. Darasa lenyewe lako lina madawati?

#35 Mama wa Watoto Wawili
Samahani kuingilia, mume wangu ndiye dereva, mimi nafuatilia gharama. Tumefunga pedi mpya, zikawa hazishiki kabisa wiki nzima, akataka kuzirudisha. Hiyo ni kawaida au tumepigwa?

#36 Fundi Mtaa wa Pili
Dada, pedi mpya na diski ya zamani hazijajuana. Diski ina mabonde, pedi imenyooka, zinagusana kwa vilele tu. Mwambie atafute barabara tulivu, aende kama kilomita 40 kwa saa, akamate taratibu apunguze bila kusimama, aachie ipoe, arudie. Asikamate kwa nguvu siku za kwanza, nyama itang'aa kama kioo na haitashika tena mpaka upige msasa. Na kabla ya kufunga, diski ifutwe mafuta ya vidole.

#37 Nduthi ya Nakuru
Kwa huyo mama, aangalie pia kama shokapu za mbele zinavuja. Sili ikichoka, mafuta yanateremka hadi kwenye kalipa na diski. Pedi ikishakunywa mafuta imeisha hiyo.

#38 Fundi Mtaa wa Pili
Haijaisha. Unaichoma kwa moto mdogo, mafuta yanatoka, unapiga msasa, inarudi kazini.

#39 Mwalimu wa Zamu
Fundi, tafadhali. Moto unatoa mafuta ya juu na kuchoma gundi ya ndani. Baadaye nyama yote inabanduka kwenye bati. Ni breki ya mbele hiyo, imebeba mtu.

#40 Fundi Mtaa wa Pili
Na mteja ambaye hana hela ya pedi nimwambie atembee? Wewe unalipwa mshahara.

#41 Boxer Sitoki
Hapo sasa.

#42 Mvuvi wa Nchi Kavu
Nyama kubanduka nimeiona kwa rafiki, na hakuichoma. Pedi mpya, mvua, akakamata, ikasikika "tak", mkono ukazama. Nyama imetoka nzima nzima, bati tupu. Aliokolewa na breki ya nyuma na mtaro.

#43 Kipara cha Sekenke
Kwani mnatumia breki ya mbele ya nini? Mimi tangu nianze kuendesha sigusi ile. Inatupa mtu. Diski yangu ina kutu na pedi ni zile zile nilizonunulia pikipiki. Tatizo la kuisha sina.

#44 Mwalimu wa Zamu
Kipara, unapokamata breki uzito mwingi unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi na kuburuza. Kwenye lami kavu kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na la mbele. Wanaotumia ya nyuma peke yake wanahitaji umbali mrefu zaidi, na ule umbali ndio unaokuwa na mbuzi.

#45 Mkulima wa Soni
Mwalimu, kwenye lami sawa. Kwenye changarawe za huku juu, ukikamata mbele kwenye kona tairi linakimbia na wewe upo chini kabla ya kusema lolote. Kipara hajaendesha lami tu.

#46 Nduthi ya Nakuru
India wamelimaliza hilo kwa sheria. Kuanzia Aprili 2019 waliagiza pikipiki mpya zisizozidi cc 125 ziwe angalau na breki zilizounganishwa, unakanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo, na zinazozidi cc 125 ziwe na ABS, mfumo unaozuia tairi lisigande ukikamata breki. Lakini sheria yao ni ya barabara zao. Zinazoletwa kwetu mwenye kampuni anaamua.

#47 Kipara cha Sekenke
Zikija huku tunakata waya.

#48 Mzee wa Sumaku
Vijana, hakuna aliyetaja vumbi. Enzi zetu shuu nyingi zilikuwa na asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake linadhuru mapafu. Mafundi walipuliza dramu kwa kompresa, vumbi jeupe hadi kwenye kope, tukacheka. Uingereza walipiga marufuku asbesto yote 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Pedi isiyo na jina, iliyotoka usikokujua, usiipulize kwa mdomo wala kompresa. Lowanisha kitambaa, futa, tupa.

#49 Dada wa Spea
Shikamoo mzee. Hili la leo ni la maana kuliko sumaku.

#50 Mzee wa Sumaku
Marahaba. Sumaku bado naisimamia.

#51 Mtoto wa Kihonda
Wakuu nimerudi na majibu nusu. Nilimpelekea fundi mwingine kabisa. Pini zote mbili zinateleza vizuri, ya juu kavu kidogo ila haina kutu. Pistoni zinarudi kwa kidole. Mafuta ya breki meusi, tumemwaga, tumeweka DOT 4 na kutoa upepo. Busha ipo, ila fundi anasema si yake, ni ya pikipiki nyingine, imepungua kama unene wa shilingi. Diski ina mfereji upande wa ndani unaoshika ukucha, upande wa nje ni laini. Imeandikwa MIN TH 3.5, yaani unene wa mwisho kuruhusiwa kwa milimita, na tulipopima ni 3.7.

Nimefunga za mchanganyiko, nikaachana na zile za bei mara tatu kwanza. Diski nimeiacha.

#52 Spana Kumi na Nne
Busha. Nilisema.

#53 Nyundo Kubwa
"Ya juu kavu kidogo." Nilisema.

#54 Fundi Mtaa wa Pili
Mfereji upande mmoja wa diski ndio uliokula pedi, na mfereji ulianza na pedi ya kabla ya hiyo. Hamjamuuliza pedi zilizotangulia ziliishaje. Bila kugeuza au kubadili diski, hata hizi mpya ya ndani itatangulia.

#55 Mkulima wa Soni
Fundi, hapo pia unaweza kuwa umegeuza mbele nyuma. Pedi ikibaki bati siku mbili tatu ndiyo inayochimba mfereji. Kijana alisikia mkwaruzo kabla ya kufungua, hakusema alikaa nao muda gani. Upande wa ndani pia ndio unaokula matope ya tairi. Huku kwetu masika ndiyo inayotangulia kuisha, kwa pikipiki nzima kabisa.

#56 Mtoto wa Kihonda
Mkwaruzo nilikaa nao hadi mwisho wa mwezi, mkuu. Hesabu ya bosi ilikuwa haijakamilika.

#57 Mama wa Watoto Wawili
Shokapu ilikuwa inavuja kweli, ya kushoto. Asante Nakuru. Sasa fundi anataka kubadili sili zote mbili wakati inayovuja ni moja. Ni lazima?

#58 Nduthi ya Nakuru
Karibu mama. Badilisha zote mbili, kazi ya kufungua ni ile ile na hiyo nyingine ina umri sawa. Mafuta ya shokapu pia yawe na kipimo sawa kila upande, yasijazwe kwa macho.

#59 Boxer Sitoki
Mimi niliyecheka wote hapa, shuu zangu za mbele zimeanza kulia asubuhi kukiwa na ukungu, zikipata joto zinanyamaza. Dada wa Spea, nije na ya zamani au nitaje tu jina?

#60 Dada wa Spea
Njoo nayo. Na upime na dramu, isije ikawa imeshapanuka ukalaumu shuu.